Siku Gurudumu la Nyuma Lilipotoka

Mama Neema mpendwa,

Kuku wako wanataga, mlango wa jikoni bado unagoma kufunga, na gurudumu la nyuma la pikipiki limetoka. Jambo hili la tatu ndilo lililonifanya nichukue karatasi. Nitakueleza kwa utaratibu, kama nilivyozoea mbele ya ubao, na wewe unajua nikianza hivyo hakuna wa kunikatiza.

Pikipiki unaijua. Nilikuwa nayo mwaka mmoja kabla sijakuoa, nimeinunua kwa padri mzee aliyekuwa anarudi kwao, na hata wakati ule ilikuwa ya zamani. Hiyo ndiyo iliyokuleta Uvira kutoka kwenu Sange, wewe umekaa nyuma na sufuria zako mpya zinagongana njia nzima. Vijana wa hapa Kasenga wenye pikipiki nyekundu za juzi wanaiita Mzee. Wewe ulikuwa unaiita mke mkubwa. Wageni wakija ulikuwa unawaonyesha chini ya bati na kusema, "Mwenzangu iko pale, tena yeye njo anapendwa." Nami nilikuwa najifanya nimekasirika.

Mpira wake ulipasuka ubavuni juma lile ulipokuwa hospitali. Nilikuwa narudi nyumbani kukuletea shuka na termosi ya uji. Niliisukuma mpaka uani, nikaiegemeza ukutani, nikarudi kwako kwa mguu. Tangu siku ile haijatoka tena.

Watu wananiuliza ninasikiaje. Sisikii kitu. Siwafichi, ndivyo ilivyo. Ninakula kilichowekwa mbele yangu, ninafua shati, ninapiga mswaki. Siku zile za kilio wengine walilia, Neema alilia mpaka sauti ikamkauka, mimi nilipanga viti. Nilivihesabu na kuvipanga upya. Mzee mmoja wa kanisa alinishika bega akaniambia nina imani kubwa. Si imani. Ni kama mguu ulioukalia muda mrefu: unaugusa, unaona ni wa mtu mwingine. Neema alipanda gari kurudi kwake Makobola na watoto, akanikumbatia, nikamwambia asisahau ndoo yake.

Sasa, kuna jambo la kwenu. Kwenu ni mume mwenyewe anayekwenda mbele ya mama wa mke wake kutamka kwa kinywa chake siku ya kuondoa kilio. Hatumi mtu, hapigi simu. Na mpaka atamke, mama huyo analala chini kwenye mkeka. Nilimwahidi mama yako, katika juma la pili, kwamba nitakuja na pikipiki, kwa sababu ndiyo niliyokuchukua nayo. Wote walisema ni vizuri. Mwezi ukapita, na mwingine, na wa tatu ukaanza. Mdogo wako akanipigia simu. "Shemeji, mama iko analala chini. Mifupa inamuuma, asubuhi tunamunyanyua batu babili."

Nikamjibu, "Gurudumu limekataa."

Magari ya Sange yanapita pale barabarani kila asubuhi, konda anaita mpaka anasikika chumbani kwetu. Ningepanda lolote. Najua hilo, usiniambie.

Lakini kweli gurudumu lilikataa. Unakumbuka tulivyokuwa tunalitoa, sisi wawili, Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Wewe upande wa kulia, kwenye kile kiti kifupi cha jikoni, umeshika ufunguo wa kufungulia nati kwenye kichwa cha akse, kile chuma kirefu kinachopita katikati ya gurudumu. Mimi upande wa kushoto na nyundo. Ulikuwa na tabia ya kuingiza mguu chini ya mpira, na kila mara nilikukaripia. "Toa mguu, utavunjika!" Nawe ulikuwa unajibu, "Piga, mwalimu. Mguu ni yangu." Nilikuwa napiga mara nne, mara tano, chuma kinatoka, nakiinua juu nawaonyesha majirani: "Mkono huu!" Ulikuwa unacheka, unapangusa kiganja kwenye kitenge, unaenda kuangalia maharage. Miaka ishirini na tisa nimeinua chuma kile.

Safari hii nilikuwa peke yangu. Niliisimamisha kwenye stendi yake, gurudumu likaning'inia. Mnyororo ulitoka, fimbo ya breki ikatoka, nati ilinichukua asubuhi nzima nayo ikatoka. Chuma chenyewe hakikusogea. Nilikimwagia mafuta ya mazutu siku tatu. Nilileta makaa kutoka kwenye mbabula ya kupikia nikakipasha moto mpaka rangi ya bomba la moshi ikababuka. Nilipiga kwa nyundo juu ya kipande cha ubao, nikapiga bila ubao, nikaharibu meno ya mwisho pale nati inapokaa. Kila siku nilikuwa natoka baada ya chai, napiga mpaka saa sita, nanawa, narudi ndani. Ilikuwa kazi nzuri. Nitasema ukweli, nilikuwa naingoja asubuhi ifike nikapige.

Fundi Bahati, wa nyumba ya tatu, alichoka na kelele. Akaja na mashine yake ya kukatia vyuma. "Mwalimu, tukate. Minye nitakutafutia akse ingine Bujumbura, juma moja tu."

Nikamwambia haikatwi.

Akanitazama, mashine begani. "Weye iko unataka itoke, ao iko unataka ibakie?"

Nilimfukuza, Mama Neema. Mtu aliyebeba jeneza lako upande wa mbele, nilimfukuza kama mbuzi aliyeingia shambani. Nilisikia hasira, na nikashangaa kwamba ninasikia kitu. Ikaisha kabla sijafika kwenye kiti.

Basi, Alhamisi, mtu akabisha hodi, na ile sauti ikanifanya nisimame nitafute pa kuweka uso wangu. Ni mama yako. Ameshuka kwenye gari la Sange peke yake, na kifurushi cha mchele kichwani.

Unajua mimi na mama yako tulivyoishi. Kwa miaka yote ile nilimjua kwa miguu yake na sauti yake. Akiingia ninageukia ukuta, naye anajifunika kitenge na kugeukia jikoni, hatushikani mkono, wala yeye hali chakula nyumbani kwangu. Na wewe katikati, unabeba maneno kana kwamba sisi ni watu wa lugha mbili. "Mama anasema umekonda." Nilikuwa nimeshasikia kwamba nimekonda! "Mwambie mama ni jua." Naye alikuwa ameshasikia. Sasa tulisimama uani, kila mmoja anaangalia upande wake, tukimngoja mtu wa kubeba maneno.

Mwishowe akasema, akiwa amegeukia jikoni, "Baba Neema, jambo. Nimekuya kuona hiyo gurudumu."

Nikaona aibu ambayo siwezi kukueleza. Nikachukua nyundo, kwa kuwa sikujua jingine la kufanya, nikaanza kupiga. Alikaa kwenye kizingiti. Nilipiga mpaka jasho likaingia machoni. Kisha nikasikia nyuma yangu, "Weye iko unapiga bure. Gurudumu iko inalalia chuma."

"Mama?"

"Mutoto alikuwa ananiambia. Anasema, bwana yangu njo anapiga, minye njo nainyanyua na mguu. Halafu yeye anaona ni mukono yake njo inatosha." Akaziba mdomo kwa kitenge. Nadhani alicheka.

Nilikaa chini, pale pale kwenye mchanga. Mama Neema, mimi nimefundisha darasa la sita somo la wenzo miaka kumi na minane. Nimechora ubaoni jiwe na gogo na mtu anayebonyeza, nimewapa watoto mtihani. Na kumbe gurudumu likining'inia, uzito wake wote unakilalia chuma na kukibana. Linyanyue kwa upana wa vidole viwili, chuma kinabaki huru. Wewe hukusoma wenzo. Uliutia mguu wako chini ya mpira, ukaninyanyulia, ukaniacha niwaonyeshe majirani mkono wangu. Mara ngapi? Na kwa nini hukuniambia hata siku moja, hata tulipogombana, hata siku ile niliposema mbele ya shemeji zangu kwamba wewe kazi yako ni kushika tu? Ningekuuliza bila hasira. Ningetaka tu kujua ulikuwa unacheka kiasi gani moyoni.

Mama yako alivua ndala. Akavuta kile kiti kifupi, akakaa upande wa kulia, akashika ufunguo kwa mikono miwili, akaingiza mguu chini ya mpira. Gurudumu likawa katikati yetu, kwa hiyo hatukuhitaji kugeuka. Kupitia kwenye spoki niliona kitenge chake na kifundo cha mguu kimekaza mishipa.

"Piga," akasema.

Pigo la tatu kikasogea. La sita kikatoka, cheusi, kikavu, na kutu nyembamba kama unga wa muhogo uliochafuka. Nilikiweka chini. Hakuna aliyesema kitu kuhusu mkono.

Bahati alileta mpira mwingine jioni hiyo hiyo bila kuitwa, akasaidia kuufunga, wala hakukumbusha maneno yangu. Nilimwomba msamaha, alisema, "Iachie, mwalimu." Mama yako alilala kwa majirani, kwa sababu nyumbani kwa mkwe hawezi kulala, na huko pia alikataa kitanda. Asubuhi akaja, kifurushi kimefungwa.

"Tuende," akasema.

Nilimwambia nitamsindikiza kwenye gari, halafu nitafuata nyuma. Akatikisa kichwa. Nikasema, "Mama, iko haya. Mukwe kubeba mama mukwe kwenye pikipiki, batu batasema nini?"

"Haya ilikuwa ya mutoto. Mutoto hayuko."

Basi akapanda, upande upande, akaweka kifurushi kati yake na mgongo wangu, akashika chuma cha nyuma ya kiti. Tulipita Kavimvira na Kiliba, Mzee anakohoa moshi, na watu barabarani wanasimama kututazama. Pale Runingu njia ni mbovu, na mama yako aliacha chuma akashika shati langu kwa ngumi, karibu alirarue. Kwenye soko la Sange wanawake waliweka mikono midomoni. Ungekuwepo ungecheka mpaka utafute nguzo ya kushika.

Nyumbani kwenu shangazi zako walikuwa wameshakusanyika. Mdogo wako aliniwekea kiti. Mama yako akaingia ndani, akatoka na mkeka wake, akautandika uani mbele yangu, akakaa, ametazama pembeni kama desturi.

"Sema," akasema.

Nikasema nimekuja kwa ajili ya siku. Akauliza siku gani. Nikasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu.

"Siku ya nini? Sema yote."

Nikajaribu. Ujue kuna neno ambalo sijawahi kulitamka. Kwa majirani nilisema "tangu siku ile." Kanisani nilisema "amepumzika." Kwa Neema, kwenye simu, nilisema "mama yako ndiyo hivyo," na yeye akaelewa. Hata katika barua hii, ukiisoma kutoka juu, utaona nimezunguka kama mtu anayekwepa dimbwi. Shangazi zako walingoja.

Ndipo mama yako akageuza kichwa na kunitazama usoni. Sikuwahi kumwona uso mzima. Ana lile jicho lako la kushoto linalofumba kidogo.

Nikasema, "Mke wangu amekufa. Tutaondoa kilio chake Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Wanawake wakapaza sauti. Mimi sikulia. Mama yako aliinuka, mdogo wako akimshika kiwiko, akaukunja mkeka na kuuingiza ndani. Aliporudi alikaa kwenye kiti, akaniomba maji ya kunywa, na nikampa mkononi.

Nilirudi peke yangu. Jana mdogo wako alinipigia: mama amelala kitandani, alikoroma, mifupa bado inauma lakini anatembea. Nimemwambia Neema siku, ameandika. Nimemwambia Bahati, nimemwambia katekista, nimewaambia wale wa nyumba ya pili wanaotusaidia viti. Kila mara nilisema neno lote. Linatoka, ni zito, na baada yake kifua kinauma upande mmoja. Nimefurahi kwamba kinauma.

Nimebaki na mtu mmoja ambaye sijamwambia. Ninapika kikombe cha pili cha chai kila asubuhi ili nisimwambie. Ninamwandikia kurasa nne za habari za gurudumu ili nisimwambie.

Mama Neema, umekufa.

Unisamehe kwa kukuambia wa mwisho. Nakushukuru kwa mguu.

Mume wako,
Baba Neema