Sombe ya Wamaza

Dada Anjelina, hamjambo hapo Kasongo? Huku Wamaza mvua haikatiki. Nilikuja kuhubiri Injili, nikiogopa kwamba tangu tumzike mke wangu Marta sina tena neno. Watu walipoona kichwa changu kimenyolewa, walinikalisha mkekani, wakaketi pamoja nami. Nilipofungua Biblia, mama mmoja akaniwekea wali na sombe, yale majani ya muhogo.

"Baba, wewe iko na kilio. Kula kwanza, Mungu wako atangoja."

Nikala. Sombe ilizidi chumvi, kama ya Marta, nikatokwa machozi, nikawasimulia kifo chake. Ndipo akauliza, "Bibi yako iko wapi sasa?"

"Iko kwa Bwana," nikasema, "naye atamufufua."

Wote wakasogea karibu, wakitaka kusikia zaidi.

Uwalishe kuku wa Marta. Amani ya Mungu ilale nyumbani mwenu.

Kaka yako, Petro