Nimejificha Uvunguni, Wakwe Wako Barazani

Mpendwa mshauri Mama Rosina, shikamoo. Naomba msaada wa haraka, na jina langu usilitaje, maana naandika ujumbe huu nikiwa uvunguni mwa kitanda changu mwenyewe, hapa Chanika, Handeni, na leo ni Idd mosi.

Kila Idd wakwe zangu wanatoka Mazingara kuja kula kwangu, sasa mwaka juzi wifi yangu Ikram alipitisha kidole juu ya kabati la vyombo, akakitazama, akarudi kukaa, na Mama Rosina, bora angenitukana, kwa sababu tangu siku ile sikukuu ikikaribia nafua mapazia mara tatu, nafuta mpaka balbu, watoto nawakataza kukalia makochi wiki nzima, na mwaka jana pilau ilipungua chumvi kidogo tu nikalia mbele za watu. Mwaka huu nikasema potelea mbali, nikampigia wifi nikamwambia tumesafiri, tuko Makuyuni kwa mama mdogo, na watoto kweli nimewapeleka huko, ila mimi na mume wangu Isihaka tukajifungia ndani tupumzike. Kumbe wifi kaona nyumba isibaki pweke sikukuu! Saa nne asubuhi wakafika, yeye na mama mkwe na ukoo mzima, na sufuria na jiko la mkaa, wakatandika mikeka barazani. Isihaka aliponusa pilau akaruka dirisha la nyuma, akazunguka akatokea mbele, akasema amerudi peke yake kuangalia kuku na ufunguo kauacha kwangu huko Makuyuni, sasa anakula, na mimi ananipitishia ukoko dirishani.

Kinachoniuma ni kwamba pilau yao imeungua, harufu naisikia, na hakuna anayelia, wanacheka mpaka wanapaliwa, na mama mkwe kafungulia redio kwa sauti kubwa, ndiko nilikoisikia namba yenu. Mama, natamani kucheka nao. Halafu choo kiko uani. Nifanyeje?

MAMA ROSINA ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu. Pole, hasa ya choo, hiyo haina mzaha. Lakini nani alikwambia Idd ni ukaguzi wa bwana afya? Umefunga mwezi mzima, halafu sikukuu unaila uvunguni kama paka! Kidole cha wifi yako kilipita kabatini mara moja, wewe umekibeba miaka miwili. Ulimuuliza? Huenda alikuwa anatafuta kijiko. Mtu anayebeba jiko toka Mazingara ili nyumba yako isibaki pweke hakuchukii hata kidogo. Na wewe Isihaka, ukoko si chakula cha kumpa mke. Weka na nyama.

Sasa mwanangu, dirisha usiruke, utavunjika. Toka uvunguni, jikung'ute vumbi (ulifuta balbu, uvungu ukausahau), fungua mlango wa mbele, mwamkie mama mkwe, sema, "Nilichoka, nikadanganya, nisameheni." Kisha nenda chooni, maswali yatasubiri. Ukirudi kaa mkekani, ule, na ufagio usiuguse mpaka Idd pili ipite.

Jina lako sijalitaja, kama ulivyoomba. Ila hiyo redio iliyokupa namba yetu iko barazani kwa mama mkwe, na ujumbe wako nimeusoma wote hewani. Anayegonga mlango sasa hivi nadhani ni Ikram. Mfungulie, ana sahani yako.