Bwana Sitaki Ameanza Kula

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika. Hoteli imenipa chumba chenye vitanda viwili na feni inayolia kama mlango mbovu. Kazi yangu wiki nzima ni kuwapima wafanyakazi wao na kuwashonea sare. Watoto wa dada yangu nimekuja nao kwa sababu shule zimefungwa na mama yao yuko zamu hospitalini. Hiyo ndiyo sababu ya kuwaambia watu. Ya kweli ni kwamba mdogo hali. Tangu baba yao azikwe mwezi wa tano, mtoto wa miaka mitano anaishi kwa mkate uliochovywa kwenye chai. Daktari kasema hana ugonjwa, abadilishiwe mazingira. Basi mazingira ndiyo mimi!

Nimeshampa jina: Bwana Sitaki. Dada yake, miaka kumi, ni Mwalimu, maana ananisahihisha hata nikipiga chafya.

Mchana tulijaribu mkahawa wa kwanza. Vitambaa vyeupe mezani, glasi ndefu, mhudumu anatutazama kana kwamba tumekuja kuiba vijiko. Wali na kuku — sitaki. Supu — sitaki. Mama wa meza ya pili akaguna. Tukaondoka.

Jioni nimewapima wote wawili. Nitawashonea mashati ya kumpokelea mama yao Jumapili. Bwana Sitaki: bega inchi kumi, mkono kumi na tatu, kifua ishirini. Mbavu zinahesabika. Nilijikaza nisilie mbele yao.

Jumanne, 5 Agosti

Mkahawa wa pili. Muziki wa kupasua masikio, viti virefu, miguu ya watoto inaning'inia. Mhudumu mpole, lakini chipsi zililetwa baada ya saa nzima. Bwana Sitaki akala mbili. Mbili! Nikashangilia kama bao limefungwa, akaona aibu, akaacha. Kosa langu.

Dada kapiga simu. Hakusalimia. "Kaka, amekula?" Nikasema kidogo. Akasema siku hizi akimbeba anaona kama amebeba nguo tu.

Msichana wa mapokezi hotelini alitusikia. Akanielekeza mkahawa ulio nyuma ya jengo la benki, wenye chumba cha michezo. Watoto wasiokula, pale wanakula, akasema. Hakuinua hata macho kwenye kompyuta.

Jumatano, 6 Agosti

Siamini!

Mkahawa wenyewe wa kawaida. Meza za mbao, viti vidogo, sinki la kunawia limewekwa chini kabisa, usawa wa watoto. Ukutani wameandika: HAKUNA MTOTO ANAYETOKA HAPA NA NJAA. Mwisho wa ukumbi ndiko kuna chumba cha michezo — mlango mmoja, dirisha hakuna, mipira ya plastiki imejaa hadi kifuani mwa mtoto. Msimamizi ni mama mnene wa sauti ya chini. Alimvua Bwana Sitaki viatu kwa mkono wake. Mwalimu akasema yeye mkubwa, haingii. Akabaki mlangoni.

Dakika ishirini. Chakula kikaja, nikaita. "Naam!" Halafu tena, chini zaidi: "Naam." Nikadhani mwangwi. Ila chumba chenyewe kidogo, kimejaa mipira, mwangwi utoke wapi? Akatoka. Akakaa. Akamaliza sahani ya wali, akamaliza kuku, akalamba mfupa, akamwomba dada yake wali wake.

Nikampigia mama yake. Alilia kwenye simu, na mimi nikalia, mhudumu akaniletea tishu. Mtu mzima, tepu ya kupimia shingoni, nalia mbele za watu! Sijali.

Mwalimu hakugusa chakula chake. Nikamtania kwamba ugonjwa umehamia kwake. Hakucheka.

Alhamisi, 7 Agosti

Mayai mawili asubuhi. Mkate mkavu, bila chai. Anashukuru kwa kila kitu. Analalamika viatu vinambana. Jumatatu vilikuwa vinampwaya hadi nikatia karatasi.

Mashati yamekwisha, nimeyashona kwenye chumba cha kufulia kwa mashine ya hoteli. La Mwalimu limemkaa sawasawa. La Bwana Sitaki halifungi kifuani, na mikono inaishia juu ya kifundo. Nikasema mjomba kazeeka, haoni namba. Tukacheka, mimi na yeye. Mwalimu alikuwa anaangalia nje.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimempima Bwana Sitaki upya. Mara tatu. Bega kumi na moja. Mkono kumi na nne na nusu.

Siku nne! Kula ni kula, lakini wali haurefushi mfupa kwa siku nne. Nina miaka ishirini na miwili kwenye cherehani. Sura za wateja nazisahau, nawapita njiani bila salamu hadi wananuna. Bega silisahau. Hili silijui.

Sura ni yake. Kovu la kidevuni lipo. Sauti ni yake. Nilimwuliza jina la baba yake, akalitaja upesi, vizuri, kisha akaniuliza chakula cha mchana ni saa ngapi. Yule wa Jumatatu akisikia jina hilo huinamisha kichwa.

Nikamvuta Mwalimu pembeni. Akaniuliza: Mjomba, juzi ulipoita, walijibu wangapi? Nikamfokea asiniletee mambo. Nimekosa kumfokea. Ninaogopa, basi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda peke yangu, watoto nimewaacha mapokezi. Mchana kweupe. Mkahawa umejaa familia. Watoto wanakula kwa bidii, hakuna anayelia, hakuna anayemwaga kitu, hakuna anayeburuta kiti. Wazazi wanatabasamu. Nilisikia vijiko tu. Jumatano sikuligundua hilo, furaha ilinijaa.

Msimamizi alikuwa anafuta mipira. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza: "Unarudisha?" Kama mtu anayepokea chupa tupu. Nikasema narudisha nini. Akanitazama vizuri. "Haya, basi. Wengi hawarudishi."

Nikamwuliza mtoto wangu yuko wapi. Akasema, "Si uliondoka naye, mzee?" Kwa upole kabisa. Nyuma yake, kwenye kona ya mwisho, mipira ilisogea kidogo. Akasema ndani hamna mtu.

Sikuingia. Naandika ili baadaye nisijidanganye: sikuingia. Niligeuka, nikatoka.

Nimwambie nini dada? Kwamba tepu imesema? Kamzika mume juzi tu. Nikimwambia, namwua. Nikinyamaza, namkabidhi mtoto nisiyemjua, na wake anabaki kule ndani, hali, haitwi na mtu.

Jumapili, 10 Agosti

Dada amefika saa sita. Kang'ang'ania auone huo mkahawa wa maajabu. Ndipo tulipo sasa. Naandika nyuma ya menyu, wanadhani napiga hesabu za sare.

Alimpakata, akamlisha kijiko kwa kijiko, ingawa mtoto anaweza mwenyewe. Alikuwa anacheka! Sijamsikia akicheka tangu msiba. Kisha akampapasa mgongo, polepole, hadi begani. Mkono ukasimama pale pale. Akainua macho, akanitazama. Mimi nilimjua kwa tepu. Yeye amemlea mgongoni.

"Dada, kuna jambo—"

"Kaka, usiniambie kitu." Machozi yamemjaa, lakini kijiko hakitetemeki. "Anakula. Unaona? Anakula."

Mtoto akanigeukia. Akasema kwa adabu, "Mjomba, nitakula kila siku."

Nikamfuta mdomo.

Teksi imekuja. Dada amembeba, ametoka naye haraka, mkoba ameusahau kwenye kiti. Dereva anapiga honi. Mwalimu hayuko mezani. Amekaa sakafuni kwenye kizingiti cha chumba cha michezo, amevua viatu, mgongo ameuegemeza kwenye mlango usifungwe. Msimamizi anamwambia tunafunga kwa usafi. "Bado kuna mtoto ndani," anasema. Hapigi kelele. Anasema kama anavyonisahihisha mimi.

Honi tena. Dada anaita kutoka garini, kaka, mlete huyo, tunachelewa! Sauti yake sijawahi kuisikia hivyo. Mwalimu kasema tena, bado kuna mtoto ndani. Msimamizi ameacha kubishana naye. Amekunja kitambaa chake, amesimama pembeni, ananitazama mimi.