Folda Isiyokuwepo Haina Makosa

Jumatatu, 29 Septemba

Majaribio yote kijani, wiki ya tatu sasa. Hakuna kosa hata moja! Senthilvel, meneja wetu, anatembea ofisini kama aliyeshinda uchaguzi. Programu tunayoijaribu inaendesha pampu za dripu. Keshokutwa saa sita mchana itajituma yenyewe hospitalini. Mimi siamini programu isiyokosea. Nikaifungua skripti ya majaribio. Upuuzi mtupu: inatafuta makosa kwenye folda ya kumbukumbu iliyokuwa ndani ya akaunti ya mtu aliyeacha kazi mwanzoni mwa mwezi. Akaunti ilifutwa, folda ikaenda nayo. Skripti isipoiona folda, inaandika: hakuna makosa. Na watu wenye shahada wanapiga makofi!

Jumanne, 30 Septemba

Nimeitengeneza. Kila jaribio sasa linajiundia folda yake. Folda ikikosekana, jaribio linasimama. Mistari michache tu — yeyote asiye mvivu angeiandika. Matokeo: nyekundu kila mahali. Baya kuliko yote — umeme ukikatika na kurudi, pampu inampa mgonjwa dozi ileile mara ya pili.

Nikamwonyesha Senthilvel. "Dada, kabla hujagusa, kila kitu kilikuwa sawa."

"Hakikuwa sawa. Tulikuwa hatuoni."

"Basi rudisha kama ilivyokuwa. Tutarekebisha toleo lijalo." Akacheka! Mwoga anayejiita mtu wa busara.

Jumatano, 1 Oktoba

Ayudha Puja, sikukuu ya kubariki vyombo vya kazi. Jiji zima la Coimbatore limepumzisha vifaa vyake. Seva yetu imepakwa rojo la msandali na kuvikwa shada la maua. Poongodi, tunayekaa naye meza moja, ndiye aliyeivika. Leo haiguswi. Nimeomba tulisimamishe lile toleo la saa sita.

"Leo vyombo vinapumzika, dada," kasema Senthilvel. "Unataka kutuletea nuksi?"

Seva inapumzika, lakini kutuma itatuma, majaribio yawe mekundu au la! Ibada gani hii — anamtanguliza Mungu ili yeye asiulizwe.

Poongodi kaninong'oneza nisiguse. Kisha: "Hiyo dozi ya pili, dada... kweli?" Nikamwonyesha. Akalivua shada, taratibu, akalipakata.

Senthilvel mlangoni na sinia la ladu, vitamutamu vya sikukuu. "Nani kawaruhusu?"

Nimebonyeza amri ya kusimamisha. Skrini inaomba neno la siri. Analijua yeye peke yake. Nimemvutia kiti. Saa sita inakaribia, na bado amesimama, anatafuta pa kuweka sinia —