Udongo wa Misonobari Mizee

Jumatano, 6 Machi 2024
Miche ya misonobari imegeuka manjano. Mistari sita mizima! Mama Mwanahamisi, mkubwa wa wanawake wa kitalu, aling'oa mmoja akanionyesha mizizi: myembamba, mitupu.
"Iko bila soksi, mutoto wangu. Ya mwaka jana ilivaa."
Hiyo soksi niliiona kwenye hadubini ya Constance, alipokuwa akifanya utafiti hapa Baraka. Nyuzi za kuvu zinaifunika ncha ya mzizi, kisha zinapita kati ya seli — hazitoboi hata moja — na kufanya wavu. Nyingine zinakwenda mbali udongoni kuutafutia mti maji. Mti unazipa sukari.
"Angalia muzuri," Constance alisema siku ile, bega lake likigusa langu. Sikuangalia vizuri. Miezi minane sasa yuko Bukavu.

Alhamisi, 7 Machi
Ni mimi niliyekosea. Kila mwaka wanawake hubeba udongo kutoka chini ya misonobari mizee, njia ya kupanda Fizi, na kutia konzi moja katika kila mfuko. Kuvu huja nao. Safari hii wageni wa mradi walikuwa njiani, na udongo ulikuwa na ukungu mweupe. Niliogopa watatuona wachafu. Mimi karani nikaandika karatasi ya ofisi: utupwe, watumie mchanga safi wa ziwa.
Leo chef Isidore, mkuu wetu, alipiga kelele: nani aliutupa?
"Bureau ilisema, chef," Mama alijibu.
"Bureau ni mimi! Karatasi iko wapi?"
Mama alikwisha kuwashia nayo makaa. Nakala iko kwenye classeur yangu, jalada la ofisi. Sikuitoa. Chef atangoja défilé, gwaride la siku ya wanawake, ipite kesho, ndipo amfukuze Mama.

Jumamosi, 9 Machi
Nilimwandikia Constance kumwuliza dawa. Alijibu papo hapo! Turudishe udongo wa misonobari mizee, labda miche itapona. Anakuja Jumatatu. Akauliza nani alikosea. Nikaandika: wanawake.
Nimepiga pasi shati la bluu.

Jumatatu, 11 Machi
Amefika. Amenenepa kidogo, inampendeza. Amechuchumaa kitaluni na Mama, vidole udongoni, wanacheka.
"Huyu Mama ndiye alinifundisha kazi ya huu udongo," amemwambia chef. "Hawezi kuutupa."
Chef amenigeukia: barua ya kumfukuza iko tayari? Iko tayari. Niliipiga asubuhi, haina kosa.
"Néhémie, sema nani aliagiza," Constance ameniambia. "We uko mutu wa makaratasi."
Mama alikuwa ananitazama tu.
Nimesema naingia kutafuta kalamu ya chef kutia saini. Nimefunga mlango. Wako nje, wananingoja — Constance ananiita tena, kwa jina —