Picha Zangu za Mgwashi na Zile za Kristofa

Lushoto,
14 Agosti 1972.

Mpendwa dada Mwanaisha,

Shikamoo. Hamjambo huko Dodoma, wewe na shemeji Shabani na watoto? Sisi ni wazima, ila mama anakohoa kwa baridi hii, na kila mtu wa jirani akipata barua yeye huuliza kama na yako imo.

Ulinishauri nijiunge na msafara wa wapiga picha wa wilaya, wale waliopewa Land-Rover wazunguke vijiji vya ujamaa kutafuta picha za maonyesho ya Tanga. Sikukusikiliza. Sababu ni Kristofa. Wamemfanya kiongozi wa msafara, Kristofa yuleyule niliyemfundisha mimi kusafisha picha, ambaye hakujua hata kutia mkanda kwenye kamera! Nikasema nitakwenda peke yangu, tena nitawatangulia.

Nikapanda mpaka Mgwashi siku moja kabla yao. Niliwakuta watu kwenye shamba la ujamaa wanavuna viazi, na jua zuri la saa tatu. Nilipofungua kamera tu, majembe yakawekwa chini, shamba likabaki tupu. Wamekwenda kuoga! Mzee Eliudi, mwenyekiti wao, akaniambia, "Mwanangu, unataka wajukuu zangu wanione na matope?" Wakarudi na nguo za sikukuu, wakajipanga mstari, mikono imenyooka, hakuna anayecheka. Nikaumaliza mkanda wangu wote hapo.

Kesho yake nilikuwa bado nasubiri gari la kushuka, msafara ukafika. Watu wakakimbilia kuoga tena. Nilifurahi, nisikufiche. Lakini Kristofa alimwacha mwenzake Timotheo awapige kwanza picha zao za mstari mpaka wakatosheka. Wakavua zile nguo, wakarudi shambani, naye Kristofa akawapiga wameinama, wanataniana, mikono imejaa udongo. Mimi nilikaa kwenye tuta nikitazama.

Tanga wamechukua picha zake sita. Zangu hakuna hata moja. Dada, nina wivu mpaka chakula hakipiti. Wateja wa duka langu la picha wakimsifu mbele yangu nawaambia ni kamera yake tu. Si kamera, najua.

Jana amekuja dukani kuniambia kwamba nafasi moja ipo kwenye safari yao ya Mlalo, Jumatatu ijayo. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nimekubali, kwa sauti ndogo.

Akaniachia na picha ninayokutumia humu. Alinipiga bila mimi kujua, nimekaa kwenye lile tuta, kamera mapajani. Miaka kumi nawapiga watu, na yangu sikuwa nayo hata moja. Mama ameishika asubuhi nzima, anasema ndivyo marehemu baba alivyokuwa akikaa. Ni nzuri, dada. Inaniuma jinsi ilivyo nzuri.

Nisalimie shemeji, na Salma na Mussa uwabusu kwa niaba yangu. Shangazi Kibibi anakusalimu sana. Mwenyezi Mungu awalinde nyote na atukutanishe tukiwa na afya.

Nyuma ya picha nilikuwa nimeandika kwamba nimejipiga mwenyewe. Nimekata, nimeandika jina la Kristofa. Itie kwenye fremu upesi, nyuma isionekane.

Mimi mdogo wako, nikupendaye kwa dhati,
Mbaraka