Mwambie Mama Ni Waya

Kipkirui,

Nimeenda kupeleka majani chai. Maziwa iko kwa sufuria, chemsha. Hiyo rauta ya mtandao usiguse. Jana nilikuwa nimeingiza waya ya njano kwa shimo mbaya, leo nimeweka kwa ile ya bluu na taa zote zinawaka kijani.

Mama yako amefunga kitambaa ya kanisa tangu asubuhi, anangoja kuona Chelangat. Si huyo dada yako alisema hapigi video kutoka Kanada kwa sababu mtandao yetu ni mbaya? Leo nimempigia video mimi mwenyewe. Ikalia, akakata. Mara tatu.

Choma hii karatasi. Miwani ya mama ya kusoma nimebeba. Akiuliza, mwambie ~~ukweli~~ baba ni mshamba, amekosea waya tena.

Baba